Mdogo wangu, mbwa wako si mkaidi

Mdogo wangu, salama? Sisi huku wazima kabisa. Nimeona nikuandikie hapa hadharani maana kwenye simu huwa tunaishia kubishana tu, na najua wako wengi wanaomfanyia mbwa hayo hayo, wacha wasome na wao.

Unasema Simba mkaidi, ukimwita haji, umemchapa sababu ya ndala na bado anatafuna. Sasa hebu fikiria, ndala katafuna saa nne asubuhi, wewe unarudi kazini saa moja usiku ndo unamwita "Simba njoo", anakuja anatikisa mkia, unamtandika. Hapo kajifunza nini? Ndala kashazisahau kitambo, alichoshika ni kwamba ukiitwa ukaenda unapigwa, kwahiyo kesho ukimwita lazima akukimbie. Na ule mkia kuingia katikati ya miguu sio "anajijua ana kosa", ule ni woga, kaona umekunja sura. Mbwa anaunganisha alichofanya na kinachotokea hapo hapo, sekunde moja au mbili, ikipita hapo umechelewa, iwe fimbo iwe zawadi. Kumsugua pua kwenye mavi yake ndo uache kabisa, utamfundisha kwenda kunya uvunguni ambako humuoni.

Halafu hapo kwenu kila mtu na amri yake. Wewe "kaa", shemeji "siti", dada "tulia we", watoto wanamchekea akiwarukia ila akikurukia wewe na nguo za kazini anakula teke. Chagueni neno moja, kaeni nalo wote.

Utaniambia bila fimbo mnyama haelewi. Nenda Morogoro pale chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA), kwa shirika la APOPO, ukaone panya buku wanavyofundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Panya! Wanasikia mlio mdogo wa "klik" wakipatia, wanapewa kipande cha ndizi, basi, hakuna anayepigwa. Panya mmoja anaitwa Magawa kazaliwa hapo hapo Tanzania, akapelekwa Cambodia, kagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Wewe ndizi huihitaji, dagaa zinatosha, mfukoni kidogo, Simba akija ukimwita mpe muda ule ule na umsifie, hata kama kachelewa kuja, hata kama una hasira naye.

Ila kinachoniuma zaidi ni ule mnyororo. Mchana kutwa kafungwa juani, usiku ndo anafunguliwa, eti awe mkali, na jirani anakushauri umpe pilipili. Pilipili itamuumiza tumbo tu jamani. Mbwa anatakiwa azoee watu, watoto, bodaboda, kelele za mtaa akiwa bado mdogo, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 hivi, na Simba muda huo wote mmemfungia bandani, ndo maana kila mgeni kwake ni adui. Hiyo mnayoita ukali ni hofu, na mbwa mwenye hofu hachagui, anaweza kumng'ata mwizi na anaweza kumng'ata mwanao akipita karibu na bakuli anakula. Bado anaweza kubadilika, itachukua muda mrefu tu, pole pole, mgeni asimame mbali, dagaa, kesho asogee kidogo. Akinguruma msimpige, kunguruma ndo anakuonya, ukimzuia hilo siku moja atang'ata bila kusema kitu.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa naomba usinizungushe tena. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi mitatu na kurudia kila mwaka, Simba ana mitano sasa. Karibu watu wote wanaopata huo ugonjwa duniani wameupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii.

Jumamosi nakuja, nitaleta kamba ndefu tumtembeze wote na watoto. Usimlishe sana asubuhi, nataka aje na njaa ya dagaa.