Risala ya Wauzaji wa Mashanza, Asali na Vitunga, Bukavu

Mama Mgeni wa Heshima, wakubwa wa mitaa, wapapa na wamama, vijana,

Sisi ni wamama na vijana wa Kadutu na Bagira. Tunauza mashanza, yaani maziwa ya kugandishwa, asali, vitunga na vyungu, na feza zetu tunazizungusha kwa likelemba, mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Bidhaa utaziona mezani. Tulilokuitia ni jingine.

Tuliamua biashara yetu iende kwa Mashi, lugha ya Washi wa hapa kwetu, na kwa Kihavu pale mletaji anapotoka Idjwi au Kalehe. Daftari la madeni ni la Mashi, etikete za bidhaa vilevile, na Jumamosi mteja akihesabu feza kwa Mashi bila kukwama anapewa matabishi, nyongeza ya bure. Watoto wa mjini walifuata matabishi, tusidanganyane. Lakini leo wanamsumbua nyanya nyumbani awafundishe kutaja mia saba, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewalazimisha. Kiswahili hiki tunachokusomea ndicho kinachozimeza lugha zetu hapa mjini, nasi tunakipenda. Kilipata nguvu sokoni. Basi na Mashi iende sokoni.

Kwa ndugu zetu Batwa, ndio Wapigme, wanaotuletea asali na vyungu, jambo ni zito zaidi. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975, nao wakatolewa msituni. Mzee anayejua majina ya miti ipendwayo na nyuki atamwonyesha mjukuu mti gani, akiwa kando ya barabara? Ibara ya 1 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inaahidi ulinzi hata wa lugha zisizo za kitaifa, na tangu Julai 2022 ipo sheria ya haki za Wapigme. Tunazishukuru. Hata hivyo Wamaori wa New Zealand walianza chekechea za lugha yao 1982, na serikali ikaitambua lugha hiyo rasmi 1987. Hawakukaa kungoja.

Mama, tunaomba meza yenye paa, maana mvua inaharibu mashanza. Tunaomba risiti moja ya ushuru kwa siku, si ya kila anayepita na daftari. Na tunaomba msaada wa kuchapa etikete, kwani sasa tunaziandika kwa mkono.

Meza iko kulia kwako. Bei zimeandikwa kwa Mashi, na leo hatukuleta mkalimani.

Aksanti sana.