Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani wetu: turudishie mchungaji

Mheshimiwa Diwani,

Bwana Yesu asifiwe. Naamini u mzima, na mama yako pale nyumbani anaendelea vizuri na mguu.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu barua za bahasha nilizompa mtendaji akufikishie hazijarudi na neno lolote. Mkutano mkuu wa kijiji nao, ambao Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inataka uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, hatujauona tangu mahindi ya mwaka jana yakiwa bado shambani. Ungeitishwa, ningesimama pale nikasema haya mbele yako, na mambo yangeishia kijijini.

Jumapili iliyopita mchungaji wetu aliacha Baraka katikati. Mikono ilikuwa juu, sisi tumeinamisha vichwa, ndipo mtoto mmoja akapiga kelele huko nje kwamba kuna mtu anachuma maparachichi ya usharika. Mchungaji akashuka madhabahuni, akatokea mlango wa sakristia na kanzu yake nyeupe, akaingia kwenye migomba mbio. Wazee wawili wa kanisa wakamfuata, kisha besi yote ya kwaya. Aliporudi alikuwa na kiroba cha maparachichi, gambuti moja la mguu wa kushoto, na kanzu iliyochanika kutoka gotini hadi chini. Badala ya kumalizia Baraka, alipiga magoti kwenye ngazi ya ofisi ya usharika na kulinganisha soli ya lile gambuti na alama za matope za usiku wa kuamkia Ijumaa, usiku ambao kahawa ya mjane mmoja ilizolewa kwenye kichanja. Akatuambia mwizi ni yule yule, anakanyagia upande wa nje wa mguu, na si mrefu, maana matunda ya juu ameyaacha yote. Tukaenda kwenye mnada wa sadaka bila kubarikiwa. Mimi uvumilivu wangu uliishia hapo.

Simlaumu mchungaji. Ana kipaji cha kuona ambacho sijakiona kwa mtu mwingine, nami nimefundisha watoto wa kata hii maisha yangu yote ya kazi. La jogoo ulilisikia mwenyewe. Mama mmoja alitoa jogoo kuwa sadaka ya shukrani. Kabla mnada haujaanza jogoo hayupo. Tulianza kutazamana kwa jicho baya. Mchungaji aliuliza swali moja: jogoo huyu amekulia wapi? Akaambiwa amekulia nyumba iliyo chini ya mnara wa kengele, na kila kengele ikilia, naye huwika. Basi Jumanne saa nne usiku akawapanga wazee wa kanisa katika mitaa yote, kila mmoja asimame njiani kimya, kisha akaagiza kengele ipigwe. Jogoo akaitika kutoka stoo ya mtu anayeheshimika sana. Kesho yake kabla ya chai mtu huyo alikuwa mlangoni kwa mchungaji na jani la sale mkononi. Nawe ni Mchaga, unajua: anayekujia na sale anaomba msamaha, na kumkatalia si jambo dogo. Alisamehewa. Jogoo akauzwa mnadani Jumapili iliyofuata, na watu walishindana bei mpaka wageni wakashangaa.

Kama yangeishia hapo nisingeshika kalamu. Lakini baada ya jogoo watu waliacha kwenda kwa mtendaji. Waliacha pia kuteremka mjini polisi, maana nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni hela ya matumizi ya nyumba, na ukifika unaambiwa urudi kesho na shahidi. Wakaanza kwenda kwa mchungaji. Koki ya bomba imeng'olewa, kwa mchungaji. Ndoo ya maziwa haionekani, kwa mchungaji. Mkungu umekatwa usiku, kwa mchungaji. Ofisi yake iliyokuwa ya rejista za ubatizo na wachumba wanaokuja kuandikisha ndoa, leo ina vipande vya kamba, kufuli lililovunjwa, na daftari nene la walioibiwa. Wachumba wanasubiri nje.

Kisha ukaja ulimi wa kengele. Kengele yetu tuliachiwa na wamisionari wa Leipzig, wale walioanza kazi huku mlimani mwaka 1893. Ni nzito, mwizi hakuweza kuibeba, akafungua ulimi wake akaenda nao. Mchungaji alipanda ngazi ya mnara na tochi. Akakuta vumbi limefutika kwenye kila kipandio isipokuwa cha tatu. Kipandio cha tatu kimeoza. Asiyekijua hukikanyaga na kuanguka. Kwa hiyo aliyepanda gizani alikuwa ameizoea ngazi ile, na waliowahi kupiga kengele wanajulikana kwa majina. Kabla ya jua kuzama alishampata: kijana aliyepata kipaimara kwake, aliyekuwa akitupigia kengele ya alfajiri. Ulimi ulikuwa umeshauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pale njia panda. Ulikokwenda kutoka pale hakuna anayejua. Sasa tunaitwa ibadani kwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti.

Watu walimshangilia mchungaji. Mimi nilikuwa namtazama mama wa yule kijana. Huko nyuma alikuwa amekwenda kwa mchungaji faraghani kuombewa, akamweleza kwamba mwanawe anadaiwa marejesho ya pikipiki na usiku halali nyumbani. Mchungaji ananiambia kilichomwonyesha njia ni vumbi la kipandio, si maombi ya yule mama, nami namwamini. Mama hamwamini. Haji tena kanisani. Kijana ameondoka, wengine wanasema yuko machimboni Mirerani. Na ubaya umeenea, kwa sababu wako akina mama ambao mchungaji akipiga hodi wanaficha hata sufuria waliyonunua kwa jasho lao. Mmoja ameniambia, "Mwalimu, siku hizi nikienda kwake kuombewa nasema nusu." Mheshimiwa, mtu akisema nusu mbele ya mchungaji wake, ile nusu nyingine anaipeleka wapi?

Mpwa wangu aliyeko Arusha anacheka, anasema tuna bahati, tuna padri mpelelezi kama wa kwenye televisheni. Hadithi hizo nazijua na nazipenda. Mwingereza G. K. Chesterton alitoa kitabu chake cha kwanza cha Father Brown mwaka 1911, na mfano alimchukua padri wa kweli, John O'Connor, aliyemshangaza kwa kuyajua maovu ya binadamu kuliko wasomi walivyodhani. Padri anayajua kwa sababu watu wanamweleza. Na mwizi mkubwa wa hadithi zile, Flambeau, mwishowe anatubu na kuwa rafiki wa padri. Hivyo ndivyo ningependa iwe kwetu. Lakini huko hadithi ikiisha msomaji anafunga kitabu. Sisi hadithi ikiisha Jumapili, Jumatatu tunapanga foleni bomba moja na mama wa mwizi.

Sasa niseme la kwangu. Mama yangu amevuka miaka themanini, hatoki kitandani, na Chakula cha Bwana huletewa nyumbani. Mwinjilisti wetu ni mtu mwema, huja kusali naye, lakini sakramenti si kazi yake. Siku iliyopangwa nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikamfunga mama kanga mpya, tukakaa kusubiri. Mchungaji alikuwa mjini kutoa maelezo ya koki za bomba. Tukapanga siku nyingine; siku hiyo aliitwa kuwa shahidi, na shauri likaahirishwa kabla jina lake halijatajwa. Tukapanga tena. Akaja usiku, viatu vimelowa, na kabla hajafungua kitabu akasinzia kwenye kiti. Nikamfunika shuka. Mama akaniuliza kama mchungaji anaumwa. Nikamwambia haumwi, mama, anakesha kulinda kahawa za watu. Mama akauliza, "Serikali imekwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Maana kazi hii ina mwenyewe. Kwenye kampeni za 2025 ulisimama pale sokoni ukasema kata yetu itakuwa na kituo kidogo cha polisi na askari wa kukaa hapa hapa. Ulisema wananchi tuanze, serikali itamalizia. Tulianza. Kila Jumamosi msaragambo: wanaume walivunja mawe, akina mama tulipandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo kichwani, mimi nikiwemo na magoti haya. Sisi hatungoji kubebwa. Wazee wetu walichimba mifongo kutoka mtoni mpaka vihambani bila mhandisi, wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933 wakauza kahawa yao wenyewe. Vyumba vitatu vya kituo visingetushinda. Boma likafika usawa wa renta. Ulikuja, ukapiga picha umeshika mwiko, ukasema bati ziko njiani. Bati hatujaziona. Mvua za masika zimepiga kuta zile zikaanza kumeguka, na mbuzi wa jirani ndio wanaolala kwenye chumba cha mahabusu.

Nimejiuliza wizi huu umezidi kwa nini. Nadhani kubwa ni yule mnunuzi wa njia panda, asiyemuuliza mtu jina wala chuma kimetoka wapi. Akileta mtoto wa shule anapima, akileta mlevi anapima. Nadhani pia mikopo ya pikipiki imewakaba vijana. Nyumba nyingi huku zimefungwa mwaka mzima, wenyewe wako Dar es Salaam, wanakuja Desemba kula Krismasi na kuondoka, na kijana anayelindishwa nyumba ya vigae analipwa hela isiyonunua hata viatu. Parachichi nalo limekuwa na bei, zamani lilikuwa likiozea chini ya mti hakuna anayeliangalia. Wapo wanaosema wezi ni wageni. Si kweli. Mgeni hajui kwamba mti wa usharika huwahi kuiva kuliko miti mingine yote.

Ninachoomba ni hiki. Boma liezekwe. Mnunuzi wa vyuma chakavu awe na daftari, aandike jina la anayemuuzia na chuma alichouza, na mtendaji alikague. Taa iwekwe pale njia panda. Mkutano mkuu uitishwe ili watu wakuulize wenyewe, wasiendelee kumuuliza mchungaji. Na askari aje.

Najua utaniambia bajeti imeshapita. Sawa, bati zingoje. Taa ingoje, tumezoea giza. Askari asingoje. Mchungaji huyu akikutana usiku na mtu mwenye panga kwenye migomba, tutamzika sisi, nawe utakuja kutoa pole kwenye kipaza sauti. Sitaki kuisikia pole hiyo. Nataka askari, aliyefunzwa kazi hiyo, anayelipwa kwa kazi hiyo, ambaye mama akimfungulia mlango hana haja ya kujiuliza kama amekuja kumwombea au kumpekua.

Nilikufundisha darasa la tatu, Mheshimiwa. Ulikuwa mtoto ukisema kesho nitaleta daftari, kesho unalileta, hata kama umelifunika kwa gazeti kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nawaambia wenzako wakuige. Juu ya kumbukumbu hiyo ndiyo nilikupigia kura, na nikawaambia akina mama wa jumuiya yetu wakupigie.

Lete askari mmoja tu. Kama tatizo ni mahali pa kulala, chumba cha uani kwangu kina kitanda na mlango wake wenyewe, atakaa bila kodi mpaka boma liezekwe. Akifika nitampeleka mwenyewe kwa mchungaji akabidhiwe lile daftari la walioibiwa, na mchungaji apange siku ya kuja kwa mama yangu.

Naomba unijibu kwa maandishi, au uje mwenyewe nyumbani. Asubuhi nipo.

Wako kwa heshima,

Mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa,
Moshi Vijijini