Shoga, ilikuwa hesabu ya nauli

Shoga yangu,

Meseji zako nimeziona zote, nisamehe, simu ilishageuka alamu ya dawa tu. Mama tumemzika Jumanne hukuhuku Masasi.

Msibani kila mtu ananiambia afadhali kafia kitandani kwake, mi nanyamaza. Siku ile Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, daktari katuambia saratani ya mlango wa kizazi imeshasambaa, kilichobaki ni kumtuliza maumivu, kaka akatoka koridoni kupiga simu, aliporudi akanivuta pembeni: gari ya kupeleka maiti Masasi wanataka 1,500,000, basi ni 35,000 kwa kichwa. Ndo ikawa imeamuliwa hivyo. Tukampandisha basi angali anaweza kukaa, siti ya dirishani, kanga mbili nimezikunja chini ya kiuno, kila tukiruka tuta ananibana mkono afu anauliza eti mikorosho imeshatoa maua. Hamna aliyemuuliza anataka kufia wapi, hata mi sikumuuliza.

Na wa kumuuguza? Hata kikao hakikukaliwa. Kaka ana mshahara, dada ana duka Kariakoo, mi nina genge, nikaambiwa "we shughuli yako inasubiri". Nyanya zinasubiri wapi shoga? Miezi mitatu mtaji wote umeliwa, kikoba wananidai, na sisemi hawakutuma hela, walituma, ila ilikuwa ya pampasi na sabuni, ya kwangu mimi niliyefunga biashara hakuna aliyeikumbuka.

Mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, nampimia kwa bomba la sindano kila baada ya masaa 4, saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, ya saa 4 usiku nazidisha mara mbili kama nesi alivyonielekeza ili alale mpaka asubuhi. Inafunga choo balaa, hiyo ndo kazi hasa, mengine sikuandikii.

Yule mzee wa nyumba ya geti pale Mbagala, watoto wana bima ya maana, si alifia ICU mipira puani, wanawe wanachungulia kiooni. Nilikuwa namwonea wivu kweli, siku hizi hata sijui.

Robo chupa ya mofini imebaki, nimeificha kabatini nyuma ya birika watoto wasiifikie. Hospitali walisema ikibaki irudishwe. Nikipata nauli ya kurudi ntaipeleka.