Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024: Ulezi wa Wasaidizi wa Mtandaoni Wanaohudumia Kliniki

Wanachama wenzangu, assalaam aleikum, na wengine wote, hamjambo?

Najua nusu yenu mmeshuka zamu saa saba usiku na mmekuja hapa na macho mekundu, kwa hivyo sitawachosha. Mambo ya fedha nimemwachia mhazini, na karatasi za hesabu mmepewa mlangoni. Mimi nitasema hasa juu ya ulezi wa wenzetu wapya katika hii kazi yetu ya kuhudumia kliniki kwa mtandao: kupokea simu, kupanga miadi na kufuatilia bima. Ndilo jambo mlilotuagiza mkutano uliopita, na ndilo lililotupa furaha na aibu mwaka huu.

Agizo lenu lilikuwa jepesi kulisema: aliyezoea kazi ya kliniki amshike mkono anayeanza. Tulibishana juma zima kuhusu jina tu. Mama mmoja wa Mji wa Kale akapendekeza tuwaite makungwi na wari, tukacheka mpaka katibu akashindwa kuandika kumbukumbu. Tukaishia kwa mlezi na mwanagenzi. Siku hizi nikiwaza naona yule mama alituzidi akili. Kungwi hamfundishi mwari ukumbini mbele ya watu, huingia naye chumbani. Sisi tulianzia ukumbini.

Januari hadi Aprili, ulezi wetu ulikuwa mihadhara ya Jumamosi asubuhi kwenye Zoom. Mlezi anazungumza, wanagenzi wamezima kamera. Tulipitia HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996 inayolinda siri za wagonjwa, tukapitia Sheria yetu ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019, tukaeleza idhini ya awali ya bima ni nini, yaani ruhusa inayoombwa kwa bima kabla ya matibabu, na rufaa hukatwa vipi bima ikikataa madai. Slaidi zilikuwa nzuri, nasema hivyo kwa sababu nyingine nilizitengeneza mwenyewe. Kisha mwanagenzi anaingia zamu yake ya kwanza na anakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Hili nalieleza kwa wale ambao hawajahudumia kliniki za Marekani. Mgonjwa anapiga simu kusogeza miadi. Unamwomba jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, anakwambia Aprili tatu. Kwenye mfumo imeandikwa 04/03. Macho yaliyosoma shule za hapa yanaona tarehe 4 Machi. Mwanagenzi anamjibu mgonjwa kwamba hayumo kwenye mfumo, au, balaa zaidi, anafungua faili ya mtu mwingine mwenye jina lilelile na kusogeza miadi isiyomhusu aliyepiga simu. Katika mihadhara yetu yote hakuna aliyekumbuka kusema "soma mwezi kwanza", maana sisi tuliozoea tulishasahau kwamba kuna siku hatukujua. Saa nazo ni hivyohivyo. Mmoja wetu aliambiwa na daktari amweke mgonjwa saa 9:00 asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Akaandika "saa 3" daftarini, kama tunavyosema nyumbani, na baadaye akaingiza 3:00 mchana kwenye kalenda. Daktari alingoja asubuhi, mgonjwa akaja alasiri.

Makosa hayo yalisahihishika. La Mei halikusahihishika.

Mnakumbuka Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao ukawa wa kubahatisha Afrika Mashariki nzima. Juma lile mwanagenzi mmoja alipata barua ya bima iliyokataa madai ya mgonjwa, hakuielewa, na Zoom ya kumwita mlezi wake haikufunguka. WhatsApp ilikuwa ikipitisha picha kwa taabu. Akapiga picha ya skrini, akalifunika jina la mgonjwa kwa ile kalamu ya rangi ya kwenye simu, akaituma kwenye kikundi chetu chote. Tarehe ya kuzaliwa ilibaki, namba ya bima ilibaki, na jina la ugonjwa lilibaki.

Aibu yenyewe ni kwamba walezi walimjibu. Walimweleza vizuri kabisa kwa nini madai yalikataliwa na afanye nini. Hakuna aliyemwambia aifute. Mimi niliweka dole gumba. Ilipofika asubuhi ndipo mwanachama mmoja akanipigia, "Dada mwenyekiti, ile picha umeiona?" Nikaifungua tena, safari hii kwa macho ya mwenye ugonjwa, na mwili ukanisisimka.

Tuliifuta na kumwomba kila aliyeipakua aifute, ingawa mnajua picha ikishatoka haina mwenyewe. Nikamwambia binti aliyeituma kwamba lazima kliniki ijue siku hiyohiyo. Alilia. Sheria yetu ya data inamtaka anayechakata data kwa niaba ya mwingine amwarifu huyo aliyempa kazi, kwetu sisi ni kliniki, bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48. HIPAA ina mwisho wa siku 60, lakini mikataba mingi ya kliniki hubana zaidi ya hapo, na wa kwake ulibana. Kliniki ilimshukuru kwa kusema ukweli, kisha ikavunja mkataba. Sitaitaja, na sina kinyongo nayo. Binti amenipa ruhusa kusimulia haya. Mficha uchi hazai, ndivyo alivyoniambia mwenyewe. Sasa anahudumia kliniki ya meno, na wanagenzi wanaomwendea hawapati mlezi mkali kumshinda.

Baada ya hapo tulipitisha kanuni moja: hakuna picha ya skrini, iwe imefunikwa au haijafunikwa. HIPAA inaorodhesha vitambulisho 18 vinavyopaswa kuondolewa kabla taarifa haijahesabiwa kuwa haimtambulishi mtu, na jina ni kimoja tu kati yake. Tarehe yoyote ya mgonjwa inayotaja siku au mwezi, si mwaka tu, imo, namba ya simu imo, namba ya faili imo, uso umo. Kwa hivyo swali linaandikwa kwa maneno, kama kisa kisicho na mwenyewe. Huu ni mfano wa swali zuri lililoletwa kikundini Agosti: "Mgonjwa mtu mzima, bima ya binafsi. Alikuja kwa shinikizo la damu, na siku hiyohiyo daktari akamwondoa chunjua. Bima imelipia chunjua, imekataa kulipia kuonana na daktari. Nifanyeje?" Mlezi hahitaji kujua mgonjwa anaishi wapi ili ajibu. Akamwambia aangalie kama kwenye dai la kuonana na daktari kiambishi 25 kiliwekwa, ile alama inayoieleza bima kwamba kuonana huko kulikuwa huduma ya pekee siku hiyo, na kama maandishi ya daktari yanaonyesha kweli kwamba shinikizo lilishughulikiwa kama jambo la pekee. Kama maandishi hayaonyeshi, kiambishi hakiwekwi, hata bosi akitaka pesa zake.

Kuanzia Julai tukaingia chumbani, kama kungwi. Kila mwanagenzi sasa anakaa na mlezi wake majuma mawili kwenye kliniki ya kuigiza kabla ya kugusa mgonjwa wa kweli. Wagonjwa wote ni matunda. Yuko Bwana Fenesi asiyejua bima yake imeisha, yuko Bi. Stafeli mwenye kupiga simu mara nne kwa siku, na yuko Mzee Kunazi anayetuma kila kitu kwa faksi. Msicheke faksi. Kliniki nyingi za Marekani bado zinaitumia, na vijana wetu wengine hawajawahi kuiona mashine yenyewe. Mlezi anaigiza mgonjwa, mwanagenzi anapokea.

Siku moja nilikaa kusikiliza, nyumbani kwa mlezi mmoja huko Likoni. Bi. Stafeli alipiga kutaka miadi, halafu katikati ya maneno akasema kifua kinambana tangu asubuhi. Mwanagenzi, mtoto aliyelelewa vyema, akasema, "Pole sana mama, umejaribu chai ya tangawizi?" Mlezi akaweka simu chini. Hakumkaripia. Akamuuliza, "Kazi yako wewe ni nini hapa?" Ndipo wakaanza upya: maneno yaliyoandikwa na kliniki yenyewe kwa hali kama hiyo, kumwambia mgonjwa apige 911, namba ya dharura ya Marekani, sasa hivi, kumwarifu muuguzi wa zamu, kuandika saa na dakika. Sisi watu wa pwani pole na dawa za jikoni tunazo mdomoni tangu utotoni. Pole ibaki, ni maneno mazuri. Tangawizi ibaki nyumbani. Walirudia mara tano, na ya tano ilikuwa safi.

Mengine nayapitia haraka. Shambulio la kimtandao la Februari dhidi ya mfumo mkubwa wa kuchakata madai huko Marekani liliwapunguzia wenzetu kadhaa saa za kazi, kwa sababu kliniki zao hazikuwa zikilipwa. Oktoba 1, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya ya taifa, waliokuwa na kliniki za hapa Mombasa na Kilifi waligeuka wanagenzi wote, mlezi na mwana pamoja, na walisaidiana vizuri. Saa za Marekani zilisogezwa mbele Machi 10 na kurudishwa nyuma Novemba 3, za Uingereza Machi 31 na Oktoba 27. Safari hii katibu alitangaza mapema, lakini bado kuna waliokosa zamu. Someni matangazo.

Udalali siupitii haraka. Baadhi ya walezi, wachache lakini wapo, wanachukua kazi kwa jina lao, wanampa mwanagenzi nywila yao afanye usiku kucha, kisha wanamtumia kipande cha malipo kwa M-Pesa na kuuita huo ulezi. Daktari aliyesaini mkataba na wewe anaamini ni wewe unayesoma faili za wagonjwa wake. Mfumo unaandika jina lako kwenye kila faili lililofunguliwa. Kijana akikosea, rekodi inasema ni wewe, na kijana mwenyewe hana hata barua ya kuonyesha aliwahi kufanya kazi. Kamati imewaondoa wawili kwenye orodha ya walezi. Nilipokea simu kali juu ya hilo, moja kutoka kwa jamaa yangu. Msimamo ni uleule.

Hata hivyo nawaelewa kidogo. Mkono mtupu haulambwi. Mlezi anayetoka zamu saa saba usiku na kumwamkia mwanagenzi saa nne asubuhi, bila senti, mwisho wake ni kuchoka au kutafuta njia ya kona. Walezi watano waliomba kupumzika kabla ya Desemba, na wote sababu ni hiyo. Kwa hivyo kamati inaleta mapendekezo mawili mpige kura leo. La kwanza, chama kigharimie bando la intaneti la kila mlezi kwa majuma yale mawili, na mlezi asipewe zaidi ya wanagenzi wawili kwa wakati mmoja. La pili, anayekutwa amegawa nywila asimamishwe uanachama mwaka mzima, awe mlezi au mjumbe wa kamati, nami nikiwemo.

Karatasi za kura ziko kwa katibu, na daftari la wanaotaka kuwa walezi liko mezani kando yake. Walio na zamu saa kumi na moja wapige kura kwanza, waondoke. Wali uko tayari, wanaweza kufungiwa wakaenda nao.