Benki ya Biddle ilikuwa na nguvu gani hasa?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu ugomvi wa Rais Andrew Jackson wa Marekani na Nicholas Biddle, rais wa Benki ya Pili ya Marekani, imeeleza siasa vizuri, ila imeruka jambo la msingi: benki hiyo ilizibana vipi benki nyingine? Msomaji asipolijua hilo, ataona ni mvutano wa watu wawili wenye kiburi tu. (Kiburi kilikuwepo, tena tele.)

Benki hiyo ilipewa hati, yaani kibali cha kuendesha shughuli zake, mwaka 1816, ya miaka 20. Mtaji wake ulikuwa dola milioni 35. Serikali ilimiliki moja ya tano, na rais wa nchi aliteua wakurugenzi 5 kati ya 25. Hisa nyingine zilikuwa za watu binafsi. Makao makuu yalikuwa Philadelphia. Hakuna sheria iliyoipa kazi ya kukagua benki za majimbo. Nguvu yake ilitokana na kutunza fedha za Serikali. Wafanyabiashara walilipa ushuru wa forodha kwa noti za benki za majimbo, na noti hizo zikaishia kwenye matawi yake. Tawi lilizikusanya, likazirudisha kwa benki iliyozitoa na kudai sarafu za dhahabu au fedha. Aliyechapisha noti kupita sarafu zilizomo kabatini aliumbuka hapo hapo. Biddle akitaka kulegeza, alizikalia. Akitaka kukaza, alizirudisha upesi.

Noti za benki yake mwenyewe zilimsumbua. Sheria ilitaka kila noti isainiwe na rais wa benki na mtunza fedha wake mkuu, watu wawili kwa nchi nzima. Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ilikataa kuruhusu wengine wasaini. Mwaka 1827 akabuni njia ya kando: matawi yakatoa hundi za dola 5, 10 na 20 zilizosainiwa na maofisa wa tawi, zikilipwa Philadelphia. Zilizunguka mikononi kama noti, na wapinzani hawakukosea walipouliza kama hilo halikuwa kuizunguka hati.

Kosa kubwa la kwanza la Biddle lilikuwa la mwaka 1832. Hati ilikuwa na miaka minne mbele, lakini Henry Clay, aliyekuwa akigombea urais, alitaka suala liwe la uchaguzi, na Biddle akakubali kuomba hati mpya mapema. Seneti ilipitisha kwa kura 28 kwa 20, Baraza la Wawakilishi 107 kwa 85. Tarehe 10 Julai Jackson akaukataa muswada kwa kura ya turufu, kisha akamshinda Clay kwa kura 219 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 49.

La pili lilikuwa baya zaidi. Waziri wa Hazina William Duane alikataa kutii Jackson na kuondoa amana za Serikali kwenye benki hiyo, akafukuzwa. Roger Taney akashika nafasi, na kuanzia Oktoba 1833 mapato mapya yakapelekwa kwenye benki za majimbo zilizochaguliwa. Benki inayopoteza amana lazima ipunguze mikopo, na hapo Biddle alikuwa na haki. Lakini aliendelea kukaza kupita mahitaji ili wafanyabiashara wailemee Kongresi. Walipokwenda kumlilia Jackson, aliwaambia waende kwa Biddle. Kwa maoni yangu, hakuna hotuba ya Jackson iliyoiumiza benki kuliko majira hayo ya baridi: mtu asiyepigiwa kura alionyesha hadharani kwamba anaweza kuibana nchi nzima.

Marekebisho mawili, tafadhali. Lawama ya mdororo wa uchumi wa 1837 msiibebeshe kura ya turufu peke yake. Agizo la Julai 1836 la kuuza ardhi ya umma kwa sarafu, kubanwa kwa mikopo Uingereza na kuporomoka kwa bei ya pamba vilihusika pia. Na benki iliyofunga milango mwaka 1841 ilikuwa ile iliyoendelea kwa hati ya jimbo la Pennsylvania, iliyojiingiza kwenye biashara ya pamba. Hati ya shirikisho ilikuwa imeisha tangu Machi 1836.