Kura 23 zilizopungua

Shosti wangu Zuhura,

Asalam aleikum na Ramadhani Karim kwako, kwa mama na kwa watoto wote hapo Tanga. Meseji yako ya sauti niliisikia tangu juzi, ila nimeona nikuandikie kabisa maana nikianza kuongea nitalia na nimetoka kufuturu sasa hivi. Umeniuliza uchaguzi wa huku Saarland, jimbo hili dogo la Ujerumani, uliishaje na mbona nimekuwa kimya wiki mbili nzima.

Jumapili ile ya tarehe 27 Machi 2022 ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga kura huku, si unajua uraia nimeupata mwaka jana tu. Nilivaa dera langu la Idi, koti juu maana baridi bado ipo, nikaenda kwa miguu mpaka kituoni hapa hapa Malstatt. Karatasi haina picha za wagombea, unatia msalaba mmoja kwenye chama basi umemaliza. Bunge la jimbo, wenyewe wanaita Landtag, lina viti 51 na vyote vinagawanywa kulingana na kura za vyama, hakuna kusema huyu ndiye mbunge wa mtaa huu. Mimi hilo lilinifurahisha mno shosti, kwa sababu kwetu ukipigia chama kilichoshindwa jimboni kwako basi imekula kwako, nikawa najisemea huku hakuna kura inayopotea.

Kumbe kuna kizingiti. Chama kisipofika asilimia 5 hakiingii bungeni hata kwa kiti kimoja. Ni kama ile asilimia 5 ya kwetu ya kupata viti maalum vya wanawake, ila huku ni bunge lote. Wanasema waliiweka kwa sababu kabla ya Hitler bunge lilikuwa na vyama vidogo chungu nzima na serikali zikawa zinaanguka kila leo. Sababu hiyo naielewa na siibezi hata kidogo.

Sasa nisikilize. Saa 12 jioni vituo vimefungwa, niko mbele ya TV, SPD (chama cha Social Democrats) wako juu kabisa, asilimia 43.5, yaani yule mama Anke Rehlinger ndiye anakuwa waziri mkuu wa jimbo (ujanani alikuwa anarusha tufe na rekodi ya Saarland mpaka leo ni yake, nampenda kwa hilo peke yake). CDU, wale wahafidhina waliokuwa wanashika uwaziri mkuu tangu 1999, wameporomoka mpaka 28.5. AfD, wa mrengo mkali wa kulia, wamepenya na 5.7. Die Linke, chama cha mrengo wa kushoto, ndio usiseme, kutoka 12.8 mwaka 2017 mpaka 2.6, tena mzee wao Oskar Lafontaine aliwakimbia siku chache kabla ya uchaguzi. FDP, waliberali, 4.8, nje. Chama cha Kijani, ambacho ndicho nilichokipigia, usiku kucha kinacheza pale pale kwenye 5, nimekaa na chai imepoa, na mwisho likaja jibu kamili: kura 22,598, asilimia 4.995. Zimepungua kura 23. Ishirini na tatu Zuhura! Watu wa Coaster moja ya kwenda Muheza na siti zingebaki.

Najua utaniuliza, kama ni uwiano, yaani viti kulingana na kura, iweje chama chenye asilimia 43.5 kipate viti 29 kati ya 51 na kitawale peke yake. Kwa sababu zaidi ya kura 22 katika kila 100 zilienda kwa vyama vilivyobaki nje, zikahesabiwa halafu zikawekwa pembeni, na viti wakagawana watatu waliovuka. SPD hawakuiba kitu, sheria ndiyo hiyo. Lakini mtu mmoja kati ya watano na zaidi hana msemaji ndani, na mimi siwezi kuuita huo uwiano. Kuna watu wanapendekeza mpiga kura aandike na chama cha pili, cha kwanza kisipovuka kura ihamie huko. Mimi hilo naliunga mkono kwa mikono miwili, kizingiti kibaki ila mtu asitupwe.

Sasa kilichonifanya ninyamaze. Pale nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna bibi mmoja ninayemhudumia, ana miaka 91. Ameanza kupiga kura mwaka 1955, ile kura ya maoni ambayo watu wa Saarland walikataa mpango wa kuwa chini ya Ulaya na baadaye 1957 wakaingia Ujerumani, na tangu hapo hajakosa hata uchaguzi mmoja. Siku hizi anapiga kwa posta. Alhamisi kabla ya uchaguzi alinipa bahasha yake nyekundu nimpostie, akaniambia kabisa kuwa kura yake ni ya Kijani, kwa ajili ya vitukuu vyake. Ijumaa nilikuwa na shifti mbili, Jumamosi nimelala mchana kutwa. Barua inatakiwa ifike kabla ya saa 12 jioni ya Jumapili. Jumatatu asubuhi natafuta funguo kwenye mkoba, nikaikuta.

Najua utasema zingebaki 22, mume wangu naye kasema hivyo hivyo. Lakini katika zile 23 moja naijua ilipokuwa.

Nimekaa nayo siku kumi, kula sili vizuri, hata kusali akili haipo. Juzi ndiyo nimemwambia. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda chake kama ningekuwa kwa bibi yangu Pangani, nikampa bahasha yake mkononi. Aliishika muda mrefu, hakunigombeza. Akaniuliza uchaguzi mwingine ni lini, nikamwambia wa Bunge la Ulaya, 2024. Akahesabu kwa vidole akasema, "Nitakuwa na miaka 93." Halafu akaniambia kwa upole kabisa kwamba safari ijayo atampa mjukuu wake akaposti.

Niombee dua shosti. Msalimie mama.

Wako,
Mwana