Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Nairobi: Mukuru ipewe kliniki moja yenye milango mingi

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni matabibu, wauguzi na wahudumu wa maabara katika mitaa ya Mukuru. Ombi letu ni moja: zahanati za kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani ziendeshwe kama kliniki moja yenye milango mingi. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 imekwisha kuruhusu mitandao ya namna hiyo. Kinachokwamisha ni vitu vidogo vya kila siku.

Kwanza faili. Watu wa Mukuru huhama: kodi ikipanda, au moto ukila ploti, mtu anahamia mtaa wa pili na huko anapewa kadi mpya. Mgonjwa wa presha aliyekwisha kuongezewa dawa ya pili, losatani, juu ya amlodipini anaanzishwa tena amlodipini miligramu 5 peke yake, kwa kuwa anayemhudumia hajui alikotoka. Namba ya simu pekee haitoshi kumtambua, maana laini hubadilishwa na mara nyingi mume na mke hutumia simu moja. Iandikwe pamoja na mwaka wa kuzaliwa, jina la mama, kijiji, ploti na simu ya mtu wa pili. Namba ya mgonjwa iwe moja kwenye milango yote.

Chanjo ndiyo inayotuumiza zaidi. Chupa ya surua na rubela ina dozi 10, ya BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, dozi 20. Zikishachanganywa na maji yake, zina saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Muuguzi mwenye watoto wawili kwenye benchi huogopa kuulizwa kuhusu dozi zilizopotea, basi anamwambia mama arudi Alhamisi. Mama huyo ni kibarua. Siku asiyokwenda kazini hana chakula cha jioni, na Alhamisi hatumwoni. Tugawane siku: Jumatatu kwa Njenga, Jumanne Viwandani, Alhamisi kwa Reuben, ratiba ibandikwe kwenye kila mlango na wahudumu wa afya ya jamii waitangaze nyumba kwa nyumba. Hata hivyo, mtoto akifika siku isiyo yake, chupa ya surua ifunguliwe hata akiwa peke yake. Tunaomba agizo hilo kwa maandishi yenye sahihi yako, maana la mdomo halimlindi muuguzi siku ya ukaguzi.

Maabara inaweza kuwa moja, damu ichukuliwe kwenye milango yote na kupelekwa kwa boda boda. Hapa kuna mtego. Damu iliyokaa kwenye tyubu ya kawaida bila kuzungushwa kwa mashine ili chembe zitengwe hupoteza sukari kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa sababu chembe zenyewe zinaendelea kuila. Iliyotolewa saa moja asubuhi na kupimwa saa sita mchana itaonyesha kisukari kimetulia wakati hakijatulia. Potasiamu nayo huvuja kutoka kwenye chembe na kuonekana imepanda, daktari akamwachisha mtu dawa bila sababu. Suluhisho ni tyubu za kifuniko cha kijivu, zenye kemikali inayozuia chembe kuila sukari, mashine ndogo ya kuzungushia damu kila mlango, na boda boda wa safari mbili zisizobadilika, saa nne na saa nane. Mvua ikinyesha na Mto Ngong ukifurika, asisubiriwe. Sampuli ziende kwa miguu.

Saa za kazi: wanaofanya vibarua Industrial Area hutoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi na kurudi giza limeingia. Hatuombi milango yote ikeshe. Mmoja ufunguliwe hadi saa mbili usiku, mwingine Jumamosi na Jumapili, wafanyakazi wakizunguka kwa zamu.

Daktari wa familia awe na siku yake maalumu kila mlango, na tabibu ampangie wagonjwa wagumu tu, dakika 20 kila mmoja. Akiitwa huku na huko kila dharura inapozuka, hana anayemjua.

Dawa zihesabiwe kila Ijumaa, na mlango wenye ziada umpe mwenzake kwa fomu ya S11, ya kuombea na kutolea vifaa, kabla hazijaisha muda. Hilo halihitaji hata shilingi.

La malipo tutalisema kwa kifupi. Huduma za wagonjwa wa nje kwenye zahanati hulipiwa na Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi. Mtu anatakiwa kusajiliwa SHA tu, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii. Wapo wanaobaki nyumbani wakidhani asiyelipa mchango wa SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, hatibiwi. Bango la Kiswahili kwenye kila mlango lingesaidia kuliko semina. Na hesabu za wagonjwa zifanywe kwa mtandao mzima, isije ikawa mlango unaopokea waliozidiwa ndio unaoonekana mzembe.

Tuko tayari kuketi na maafisa wako siku yoyote, ila isiwe Jumatatu asubuhi: hiyo ni foleni ya wote waliougua wikendi milango ikiwa imefungwa.

Wako,
Matabibu, wauguzi na wahudumu wa maabara, Mukuru